Waliochimba kisima shambani, tupeane uzoefu kabla sijaita mtambo

Mkulima wa Lugoba
Wakuu, salaam. Jirani yangu wa shamba aliita mtambo wiki iliyopita. Ulikaa siku mbili, ukatoboa mita 80, ukaondoka. Jana nimepita kwake nikakuta kichuguu cha vumbi jeupe na kipande cha bomba kilichofunikwa kwa ndoo iliyopasuka. Hakutaka kuongea, nami sikumuuliza.

Mimi nina ekari nne hapohapo, mapapai na ndimu. Maji nanunua kwa madumu ya bodaboda, na kiangazi hiki miche 60 imekauka nikiiangalia. Hela ya kisima nimeipata kwa kuuza ng'ombe wawili na kuongezea ya kikoba cha mke wangu. Nikikosa, hakuna mara ya pili. Waliochimba wakapata na waliochimba wakakosa, naomba mseme yaliyowakuta.

Mama Mita Tisini
Hilo vumbi jeupe mwanangu limenirudisha Hombolo, Dodoma, 2016. Nilikuwa nimestaafu uuguzi, kiinua mgongo kimeingia, nina shamba la zabibu. Nikaletewa mpimaji, akazunguka na kijiti saa nzima, kikainama chini ya mbuyu mdogo. Akasema hapo pana mto unapita. Nikamlipa, nikaita mtambo, tukakubaliana 90,000 kwa kila mita, maji yatoke yasitoke.

Fimbo moja ya kuchimbia ilikuwa mita tatu. Nilikaa kwenye kigoda nikizihesabu. Fimbo nne za kwanza udongo mwekundu. Fimbo ya tisa vumbi likageuka tope, wanawake waliokuwa wamepanga ndoo wakapiga vigelegele, na mimi nikalia. Yule wa mtambo akasema "mama, huo ni unyevu tu, maji yenyewe yapo chini, tushuke." Tukashuka. Fimbo ya kumi na tano tope likakauka, likaanza kutoka vumbi jeupe kama unga wa sembe, likatua kwenye majani ya mizabibu mpaka shamba zima likawa limepauka. Kila nikiuliza naambiwa bado kidogo. Fimbo ya ishirini wale wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja na ndoo zao. Fimbo ya thelathini nikasema basi.

Baadaye mtu mmoja wa idara ya maji aliyekuwa amekuja kwa shughuli zake akachukua lile vumbi, akalisugua viganjani, akaniambia: mama, hili ni jiwe zima. Maji ya huku kwetu yanakaa kwenye jiwe lililooza na kwenye nyufa zake. Ukishaingia kwenye jiwe gumu lisilo na ufa, unanunua vumbi. Na ule unyevu wa fimbo ya tisa ndio ulikuwa wenyewe, walitakiwa wasimame hapo kwanza, wapulize hewa maji yatoke, wapime unatoa kiasi gani.

Mita 90 kwa 90,000, piga hesabu mwenyewe.

Mtemi wa Igunga
Mama umesema yote. Huku kwetu ni hivyohivyo, jiwe tupu.

Nyundo
Pole sana mama, ila msilaumu kijiti. Babu yangu amepima visima saba kwa kijiti cha mpera na vyote vina maji mpaka leo. Hao wa mashine wanabeba betri na nyaya na bado wanakosa.

Mtemi wa Igunga
Nyundo, babu yako alipimia wapi?

Nyundo
Kilombero.

Mtemi wa Igunga
Kilombero bondeni! Pale ukiangusha jembe linaota maji. Mlete babu Igunga aje ainamishe kijiti juu ya mawe haya.

Nyundo
Mwache babu yangu, ni marehemu. Nimesema ninachokijua.

Nyaya Nne
Naomba niingie, maana kupima ndiyo kazi yangu. Tunachomeka vyuma vinne ardhini. Viwili vya nje vinapeleka umeme, viwili vya ndani vinasoma ardhi inaupinga kiasi gani. Ukizidi kuvitanua ndivyo unavyosoma chini zaidi. Jiwe kavu linapinga sana, jiwe lililooza lenye maji linapinga kidogo.

Sasa Mkulima wa Lugoba nisikilize vizuri, maana upo kwenye ukanda wa Chalinze. Udongo wa mfinyanzi nao unapinga kidogo. Maji ya chumvi yanapinga kidogo zaidi. Kwa hiyo mpimaji anaweza kukuambia "hapa pana maji mengi" na akawa mkweli, halafu ukayaonja ukatema. Watu wa Chalinze wanaletewa maji ya Mto Wami kwa sababu ya chumvi iliyo chini. Kabla hujamlipa mtu yeyote, zunguka kilomita mbili tatu kila upande, tafuta visima vilivyopo, uliza vina mita ngapi, onja maji yake. Kisha nenda Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu uulize kumbukumbu za visima vya eneo lako. Kijiti au mashine, vyote vinakuja baada ya hapo.

Nyundo
Kwenda bodi ni kujipeleka kulipishwa. Shamba ni langu, kibali cha nini?

Nyaya Nne
Shamba lako, maji siyo yako. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inasema hivyo. Na mchimbaji asiye na leseni ndiye huyo anayekushusha mita 90 kwenye jiwe, kwa sababu hana mahali pa kupeleka taarifa ya alichokitoboa.

Shika Kamba
Mimi kisa changu ni cha kisima cha kuchimba kwa mkono, siyo cha mtambo. Nimesoma nikasema ninyamaze, nimeshindwa.

Kahama vijijini, nikiwa na miaka 19. Mzee alikuwa anachimbisha kisima nyuma ya zizi. Walikuwa wamefika mita kumi na nne, maji yameanza kujaa usiku, kazi haiendi mpaka yatolewe. Tukaazima mashine ya petroli ya kumwagilia bustani. Tukaiweka juu, tukatumbukiza mpira, haikuvuta. Tukadhani mbovu. Hatukujua kwamba mashine iliyo juu haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita saba au nane hivi, hata iwe mpya namna gani. Mchimbaji mmoja akasema tuishushe, tuiweke kwenye kikalio walichochonga ubavuni mwa kisima. Tukaishusha kwa kamba. Akashuka naye akaiwasha.

Maji yalitoka vizuri sana. Tulishangilia. Baada ya dakika kama ishirini ikapunguza, tukamwita aongeze mafuta, hakujibu. Nikachungulia, nikamwona amekaa, ameegemea ukuta kama mtu aliyechoka, kichwa kimelala begani. Mwenzake akasema amelala huyu, akashuka kumwamsha. Hakujifunga kamba. Alifika, akamshika bega, akainua uso kututazama, halafu akakaa pembeni yake polepole, kama mtu anayepisha mgeni kwenye mkeka. Namwona mpaka leo.

Kaka yangu mkubwa akavua shati ashuke. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Alinipiga, alinitukana, alisema nawaua watu. Sikumwachia. Mzee alikuja akatukuta tunagaragara pale. Ile mashine ilikuwa inaendelea kunguruma huko chini mpaka ilipoishiwa mafuta yenyewe.

Tuliwatoa jioni kwa ndoano. Mzee alikifukia kile kisima siku ya arobaini, na mpaka leo kaka yangu hapiti nyuma ya zizi.

Mama Mita Tisini
Pole mwanangu. Pole sana. Nimefanya kazi wodini miaka 31, nakwambia ulimwokoa kaka yako. Ungemwachia mngezika watatu.

Mtemi wa Igunga
Pole ndugu. Nimeishiwa maneno.

Kijukuu
Poleni. Kwa wanaochimba kwa mkono, dawa yake ni ndogo: shusheni mshumaa au kibatari kwanza kwa kamba. Ukizimika, mtu asishuke. Wazee wetu walifanya hivyo.

Mama Mita Tisini
Kijukuu, mshumaa unakwambia kama pumzi ipo. Moshi wa mashine una gesi ya monoksidi kaboni, haina rangi wala harufu, na mshumaa utaendelea kuwaka vizuri tu huku mtu anakufa. Usiwape watu moyo wa bure.

Kijukuu
Mama sikusema mshumaa unatosha peke yake.

Mama Mita Tisini
Umesema "dawa yake ni ndogo." Mtu atasoma hapo tu, ashuke. Mashine ya mafuta isiingie kisimani, iwe imezimwa au inawaka. Anayeshuka afungwe kamba kwapani, na juu wawepo watu wawili wanaoweza kumvuta. Akinyamaza, avutwe. Asifuatwe.

Kijukuu
Sawa mama, nimekuelewa. Ninarekebisha kauli.

Kando ya Meru
Turudi kwa Mkulima. Sisi huku Arumeru maji tunayapata bila shida, na matamu kabisa. Baba alichimba mwaka 1998, mita 45, tukafurahi. Mdogo wangu wa mwisho amekulia kwenye yale maji, meno yake yana rangi ya kahawia kama chai, hacheki mbele za watu, anafunika mdomo kwa kiganja. Ni floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4. Ukiyachemsha unazidi kuikoleza. Pale Ngurdoto kuna kituo wanachuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, inasaidia kweli, lakini inabidi ibadilishwe. Sisi sasa ya kunywa tunakinga mvua, ya kisima ni ya ng'ombe na mboga.

Peleka chupa maabara KABLA hujanunua pampu na tangi. Baada ya hapo utayatetea tu kwa sababu umeshatumia hela.

Mwana wa Jambiani
Huku kwetu pwani ya mashariki Unguja ni kinyume cha hao wa Dodoma. Maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Jirani alipata maji matamu, akaona machache, akasema nichimbe zaidi. Akatoboa kwenye chumvi, na wa jirani nao wakaanza kuona ladha inabadilika. Kwa pwani, ukipata kidogo, shukuru ukome hapo, na uvute taratibu.

Kitui Yetu
Na sisi huku Kitui, Kenya, mtu hachimbi hivi hivi. Kwanza ripoti ya mtaalamu, halafu kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, halafu NEMA, wale wa mazingira. Mjomba alipitia hizo zote, akachimba, akapata maji ya chumvi hata mbuzi walikataa. Kilichotusaidia ni bwawa la mchanga mtoni, ukuta wa zege unaozuia mchanga, maji yanajificha ndani. Kama kuna korongo karibu na shamba lako, waulize majirani kama mtashirikiana.

Nyundo
Asije akaacha kuchimba jamani, mmemtisha mno. Wapo wengi waliochimba na wanakula matunda.

Fundi Pampu
Nami nasema achimbe, ila akishapata asiharibu. Nusu ya kazi zangu ni visima vizuri vilivyouawa na mwenye kisima.

Kwanza wasikuwekee kesingi, yaani bomba la kushikilia kuta za kisima, wakaondoka. Bomba lenye matundu likae usawa wa maji, kokoto ndogo zijazwe pembeni yake, juu kufungwe kwa saruji maji ya mvua na ya choo yasiteremke. Choo kiwe mita 30 au zaidi. Kisha wapulize na kompresa mpaka maji yawe meupe. Mchanga ukibaki, unatafuna pampu miezi mitatu imekwisha.

Pili, usikubali kuambiwa "kina maji mengi." Wavute saa 24 mfululizo, kamba ya kupimia ipo ndani. Nilifunga kimoja Bagamoyo: kabla ya kuvuta maji yalikuwa mita 18, baada ya kuvuta yakatulia mita 41. Mwenye kisima alitaka pampu tuining'inize mita 30 aokoe bomba! Tukaweka 52. Hesabu ya kisima kinatoa kiasi gani ni rahisi, ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 24 hizo ni lita 3,000 kwa saa. Nunua pampu ndogo kuliko hapo, isiyamalize maji ikazunguka kavu. Weka na kile kifaa cha kuizima maji yakiisha.

Tatu, kamba. Nilimkuta mzee mmoja fundi wake kafungia pampu kwa kamba ya katani. Miaka miwili imeoza, bomba likachomoka, pampu chini mita 60. Tuliivua siku mbili. Nilikunja ndoano tatu za nondo, nikazichomelea kwenye kipande cha bomba la chuma, nikashusha kwa waya, nazungusha taratibu nikisikiliza kwa kidole. Inapogusa kichwa cha pampu waya unatetemeka, inapogusa ukuta unakwaruza. Siku ya pili saa tisa alasiri ikanasa kwenye shingo ya bomba. Tumia waya wa chuma usiopata kutu au nailoni nene, na ufungie kwenye tundu la pampu, siyo kwenye bomba.

Mkulima wa Lugoba
Wazee wangu, asanteni. Shika Kamba, nimemsomea mke wangu, amenyamaza muda mrefu. Kisima cha mkono tulichokuwa tunakifikiria tumekiacha. Kesho asubuhi naanza kuzunguka na chupa. Kuna misheni ina kisima kilomita mbili kutoka kwangu na kuna mfugaji ng'ambo ya barabara, nitaonja vyote viwili. Bodi nitakwenda Jumatatu. Mtambo usubiri.

Kando ya Meru
Pitia na kwa yule jirani aliyekosa maji. Ulizia walipofika mita ngapi ndipo vumbi lilipobadilika rangi. Hiyo habari kaishailipia yeye.

Mtemi wa Igunga
Fundi Pampu, ile ndoano uliikunja kwa nondo ya milimita ngapi? Kesingi yangu ni ya inchi tano na pampu imeanguka toka Ijumaa.

Fundi Pampu
Nane. Kumi haipiti pembeni ya pampu. Usilazimishe, ukiisukuma inajibana. Nitumie kina na maji yameanzia mita ngapi.