Namuuguza mama mwenye kiharusi, nipo Mbeya, msaada nianzie wapi?

BintiUyole
Habarini wana jukwaa, samahani ni ndefu kidogo. Mama angu ana miaka 67, alipigwa na kiharusi upande wa kulia kabla ya Pasaka, akalazwa, karuhusiwa, sasa nipo nae nyumbani huku Uyole. Tumezaliwa wanne, kaka zangu wawili wapo Dar, dada kaolewa Songea, mimi ndo sijaolewa kwa hiyo ikawa kama imeshapangwa kwamba mama ni wa kwangu, hakuna alieniuliza. Nilikua na meza ya mitumba ya watoto Mwanjelwa, nimemwachia mtu na hesabu analeta anavyojiskia. Asubuhi namuogesha, namlisha uji, namgeuza, nafua mashuka, na baridi hii ya mwezi wa saba hayakauki mpaka uyaanike ndani karibu na jiko. Siku ya kuruhusiwa tulipewa karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki, namna ya kumnyanyua hakuna alienionesha. Ndugu wanapiga "mama anaendeleaje" basi, wakikata wamekata. Nampenda mama na simwachi, ila naona naisha. Kuna msaada wowote mtu kama mimi anaweza kupata, serikalini, kanisani, popote?

NesiTukuyu
Pole sana mdogo wangu. Ngoja nianze na mgongo wako maana ukiumia wewe na mama kaumia. Usimnyanyue kwa kumvuta huo mkono uliolegea, bega linachomoka na maumivu yake hayaishi leo wala kesho. Kunja shuka mara mbili, lilaze chini yake toka mabegani mpaka mapajani, wakati wa kumgeuza unavuta shuka sio mtu, mkiwa wawili ni rahisi kabisa. Mgeuze kila baada ya masaa mawili, usiku nao, na kila ukimuogesha angalia kiuno kwa nyuma, nyonga na visigino, ukiona wekundu usioondoka ukibonyeza ujue kidonda kinakuja. Kumvisha gauni anza na mkono mgonjwa, kumvua anza na mzima. Akila awe amekaa na abaki amekaa kama nusu saa, asipaliwe. Dawa za presha zisikatike hata kama anaonekana yuko vizuri!! Tarehe ya kliniki ikifika usiondoke bila kuonana na mtu wa mazoezi ya viungo, mwambie "nifundishe mimi, ndo nakaa nae", akuoneshe kwa mikono sio kwa mdomo. Na ulizia kama kituo cha karibu yenu kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaefika mtaani kwenu.

Mzee_wa_Ipogolo
Kamwene binti yangu. Mimi nilimuuguza mke wangu hapa Iringa mpaka Mungu alipomchukua, kwa hiyo ninachosema nakijua. Watu wengi sio wabaya, hawajui wafanye nini, wanasema pole wanakaa kidogo wanaondoka. Wale kina mama wa kanisani wakija kusali, sali nao vizuri kisha mwambie mmoja kwa jina lake, mama fulani naomba Jumatano uje ukae na mgonjwa toka saa nne mpaka saa saba mimi nikaangalie meza yangu. Ukisema "mnisaidie jamani" haji mtu, ukitaja siku na saa anakuja. Mimi jumuiya yetu ilinibeba hivyo hivyo, mpaka kijana wa jirani akawa na siku yake ya kuchota maji. Na hao ndugu zako itisha kikao, hata cha simu, awepo baba mdogo au mjomba wanaemheshimu.

Makambako_Stendi
Mzee kikao sawa ila binti aende na hesabu mkononi. Mimi ndo yule kaka wa mbali, nilikua natuma hela nikiona nimemaliza, mpaka dada alipotuma kwenye grupu la familia orodha ya wiki nzima, pampasi za wakubwa, sabuni, dawa, bajaji ya kliniki, na hela ya biashara yake iliyolala. Hiyo ya mwisho ndo ilituingia. Tukakubaliana tunamlipa msichana wa kushinda na mama mchana, yeye akarudi kazini.

BintiUyole
Asanteni sana jamani, nimesoma nimelia. Sina bima, mama hana pia. Hapo inakuaje?

NesiTukuyu
Mama kapita 60, na Sera ya Afya ya 2007 inasema mzee asie na uwezo atibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Nenda kwa mtendaji wa mtaa wako akuandikie barua ya utambulisho, ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii, hospitali kubwa anakuwepo pia na kazi yake ni hiyo hiyo, usione aibu kugonga mlango wake. Ila sikufichi, dawa zikiisha dirishani utanunua nje, so iwepo kwenye ile orodha ya ndugu. Na kama kuna kaka ameajiriwa ana kadi ya NHIF, ile bima ya afya ya taifa, muulize kama wategemezi wake wameshajaa, mzazi anaingia kwenye hiyo nafasi.

BintiUyole
Kaka mkubwa ni mwalimu, ana mtoto mmoja tu!! Nampigia leo usiku, na Jumatatu naenda kwa mtendaji. Swali la mwisho, kuna mwenye kiti mwendo anauza au anaazima hapa mjini? Nataka awe anatoka kuota jua.

Soweto_Mbeya
Kipo dada, alikua anatumia baba. Breki ya kushoto inabana kidogo, fundi baiskeli anaiweka sawa. Sikuuzii, njoo na mtu wa kukusaidia kubeba, nakutumia namba inbox.