Naomba ushauri: Apache inaanguka maombi yanapozidi, tangu tuhamie mpm_event

Mtunza Seva:
Ndugu wanajukwaa, ninasimamia seva ya chuo inayoendesha Apache 2.4 (programu ya kuhudumia tovuti) juu ya Linux. Kwa muda mrefu ilitumia mpm_prefork, ambapo kila ombi huhudumiwa na mchakato wake. Tulipohamia mpm_event, ambapo mchakato mmoja huhudumia maombi mengi kwa nyuzi (njia za utekelezaji zinazoshiriki kumbukumbu moja), ili kupunguza matumizi ya kumbukumbu, michakato ilianza kufa ghafla, na logi ya makosa huandika kwamba mchakato mtoto umekufa kwa ishara namba 11. Kinachonitatiza ni kwamba nikiijaribu peke yangu haina tatizo lolote. Huanguka wakati wa usajili tu, wanafunzi wanapoingia kwa wingi. Tunayo moduli ya kukagua ada, iliyoandikwa kwa lugha ya C na mtangulizi wangu, na haijaguswa tangu hapo. Baadhi ya wanafunzi wamelalamika pia kwamba risiti zao zinaonyesha saa isiyo sahihi, ingawa sidhani kama hilo linahusiana. Nianzie wapi?

Kaskazi:
Huenda kumbukumbu imekwisha na keneli (kiini cha Linux) inaua michakato. Ongeza RAM kwanza.

Fundi wa Zamu:
Ndugu Kaskazi, keneli ikiua mchakato kwa sababu ya uhaba wa kumbukumbu hutumia ishara namba 9, na habari hiyo huonekana katika dmesg, yaani logi ya keneli. Namba 11 maana yake ni kwamba programu imegusa anwani ya kumbukumbu isiyoruhusiwa, na RAM ya ziada haitaiponya.

Ndugu mleta mada, malalamiko ya saa za risiti ndiyo yaliyonishtua zaidi katika maelezo yako, nami ningeanzia hapo. Funksheni ya C iitwayo localtime, inayogeuza muda kuwa saa ya mahali, huweka jibu lake mahali pamoja panapotumiwa na nyuzi zote za mchakato, kwa hiyo uzi mmoja unaweza kusoma saa iliyoandikwa na mwingine sekunde hiyo hiyo. Aliyeitumia localtime bila wasiwasi chini ya prefork yaelekea alitumia na strtok, ya kukata maandishi vipande, ambayo ni hatari zaidi, kwa kuwa huhifadhi kielekezi (anwani ya mahali katika kumbukumbu) kilichofichika kati ya mwito mmoja na unaofuata. Uzi wa kwanza ukiwa katikati ya kukata maandishi yake, wa pili huja na kubadilisha kielekezi kile. Ombi la pili likimalizika na Apache ikaachilia kumbukumbu yake, wa kwanza hubaki ukisoma mahali ambapo si pake tena. Ndiyo maana huoni kitu unapojaribu peke yako.

Hata kabla ya kufungua msimbo, endesha nm -D juu ya faili la .so (moduli iliyokwisha kujengwa), uone ni funksheni zipi inazoomba kutoka nje.

Bahari Kuu:
Naunga mkono, ila usihukumu kwa dhana pekee. Weka CoreDumpDirectory, mahali pa kuhifadhi nakala ya kumbukumbu ya mchakato unapokufa, ielekee kwenye saraka ambayo mtumiaji wa Apache anaweza kuiandikia, na ikiwa huduma inasimamiwa na systemd, weka LimitCORE=infinity ili nakala hiyo isizuiwe kwa ukubwa. Mchakato ukifa, fungua faili lililobaki kwa gdb, kichunguzi cha hitilafu, na uandike thread apply all bt full ili uone kila uzi ulikuwa unafanya nini. Usitazame uzi ulioanguka tu, kwa sababu mara nyingi huo ndio ulioumia, na aliyeharibu yuko katika uzi mwingine, au amekwisha kuondoka. Moduli ijengwe upya kwa -g (inayobakiza majina ya funksheni na mistari), la sivyo utaona alama za kuuliza badala ya majina.

Wakati huo huo rudisha mpm_prefork. Kwa kawaida mchakato mmoja wa event hubeba nyuzi 25, na uzi mmoja ukianguka, maombi yote ya mchakato huo hukatika. Wanafunzi wasiendelee kuumia huku ukichunguza.

Kaskazi:
Nimeelewa kuhusu ishara. Je, hawezi kuzungushia strtok kufuli tu, ili uzi mmoja tu uitumie kwa wakati?

Fundi wa Zamu:
Kufuli hulinda pale tu ambapo kila anayeiita strtok ndani ya mchakato anaiheshimu kufuli ile ile, na moduli nyingine au maktaba zinazopakiwa pamoja nayo hazina habari nayo. Ni salama zaidi kutumia apr_strtok, ambayo humtaka mwitaji atunze kielekezi chake mwenyewe, na kwa saa atumie apr_time_exp_lt au localtime_r.

Mtunza Seva:
Nawashukuru sana. Nimerudisha prefork, na nm imeonyesha strtok, localtime na pia gethostbyname, ya kutafuta anwani ya mtandao kwa jina. Hii ya tatu nayo ni ya kuogopwa?

Bahari Kuu:
Ndiyo, nayo hurudisha jibu katika eneo la pamoja. Badala yake tumia getaddrinfo, kisha uachilie matokeo kwa freeaddrinfo. Ukimaliza, washa event kwenye mashine ya majaribio na uibane kwa ab, zana ya Apache ya kutuma maombi mengi, yenye -c (idadi ya maombi ya pamoja) kubwa, ukipita katika ukurasa wa ada wenyewe. Ukurasa wa mwanzo hauiti moduli hiyo, kwa hiyo hautakuonyesha chochote.