Antena ya wima nyuma ya nyumba: ninunue ya dukani au nijenge mwenyewe?

MwalimuPongwe (Tanga)

Habari za jioni, na shikamooni wakubwa.

Nafundisha fizikia sekondari. Leseni yangu ya redio ya ridhaa (ya kuzungumza hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara) imetoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa hiyo sasa nina alama yangu ya kujitambulisha hewani inayoanza na 5H. Redio ninayo, ya wati 100, na umeme wa volti 13.8 si tatizo. Kinachokosekana ni antena.

Uwanja wa nyuma ni mita 14 kwa 9. Kona moja kuna mwembe mkubwa, kwenye ukuta kuna banda la kuku, na katikati zinapita kamba za kuanikia nguo ambazo mama mkwe hataki zisogezwe. Nyaya za umeme za mtaani zinapita nje ya ukuta, kama mita 15 kutoka katikati ya uwanja. Paa ni la bati. Udongo ni mwekundu, na ukichimba futi mbili unakutana na mawe ya chokaa.

Nataka kuanza na 14 megahezi, baadaye niongeze 21 na 28. Lengo ni kuwapata watu wa Muscat, Ulaya, na Japani ikiwezekana. Jioni ningependa pia kuzungumza na wenzangu wa Dodoma na Mbeya kwenye 7 megahezi.

Kuna antena za wima za dukani zinazotangazwa kwamba hazihitaji nyaya zozote ardhini. Zinanivutia kwa sababu ya hizo kamba na kuku. Je, ni kweli? Na nguzo iwe bomba la alumini au hata mwanzi unatosha? La mwisho: jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu sana, anasema mnara utavuta radi na kuharibu televisheni yake. Nimjibu nini ambacho ni kweli na kitamtuliza?

MzeeWaMawimbi (Kilifi)

Marahaba mwalimu, na hongera kwa leseni. Swali la nguzo ndilo dogo kuliko yote. Linaloamua ni hili: chini ya hiyo nguzo utalaza nini?

Antena ya wima ya robo wimbi, yaani yenye kimo cha robo ya urefu wa wimbi lake, ni nusu ya antena, na nusu ya pili ni ardhi. Mkondo unaopanda kwenye waya lazima urudi, na udongo ni njia mbaya ya kurudia. Maji ya bahari yanapitisha umeme mara elfu moja hivi kuliko udongo wa kawaida. Ndiyo maana nikisimamisha antena yangu ufukweni, bahari ikiwa imejaa, Wajapani wananijibu kama wapo Malindi. Wewe Pongwe umekaa bara kidogo. Bahari yako itabidi uitengeneze kwa nyaya.

Urefu wa kusimama unaupata kwa kugawa 71.3 kwa megahezi. Kwa 14.2 ni mita 5.02. Kata 5.20, kisha punguza kidogo kidogo ukipima.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi huipita mbio. Antena hiyo yenyewe ina ukinzani wa omu 36 hivi. Tuseme umelaza nyaya chache fupi, na ardhi imeongeza omu 36 nyingine. Wewe ni mwalimu wa fizikia, umeshaona jibu: wati 50 kati ya 100 zako zinapasha udongo joto. Ongeza nyaya mpaka hasara ya ardhi ishuke kuwa omu 14. Jumla ni 50, ambazo ndizo redio inazotaka. Mita ya SWR, ile ya kupima kama redio na antena vinapatana, inasoma 1 kwa 1, na hapo ndipo watu hufunga sanduku la vifaa. Usifunge. Endelea. Jumla ikifika 40 mita itapanda kuwa 1.25, na antena yako itakuwa inatoa nguvu nyingi zaidi hewani kuliko ilipokuwa inasoma 1. Mita inakwambia tu kama redio na antena vinapatana. Kipande cha ukinzani cha omu 50 ndani ya kopo la mafuta kinasoma 1 kwa 1 pia, na hakisikiki mtaa wa pili.

Mwaka 1937 Wamarekani watatu, Brown, Lewis na Epstein, walilipima jambo hili shambani kwa ajili ya vituo vya utangazaji, na nyaya 120 zikawa kipimo cha vituo vya mawimbi ya kati. Wewe huhitaji 120. Nunua roli moja la waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5, mita 100. Linatoa nyaya 20 za mita 5. Upande ambao ukuta uko karibu, kata 4 au 4.5, haina shida. Waya ukishalala ardhini urefu wake kamili haujalishi tena. Afadhali nyingi fupi kuliko nne ndefu. Usivue plastiki isipokuwa ncha ya kuunganishia. Pasua majani kwa ncha ya panga, uzame waya sentimita mbili tatu, halafu ubane kwa vipini vya waya mgumu vilivyokunjwa. Masika ikipita, nyasi zitakuwa zimeuficha na kuku hawatauona.

Kamba za mama mkwe, kama ni za nailoni, antena haizijali. Kama ni waya wa chuma, mnunulie za nailoni nzuri uziweke palepale, wala usisogeze kitu.

Kuhusu hizo za dukani, soma maelezo yake kwa makini. Kuna za nusu wimbi zenye transfoma ya 49 kwa 1 chini yake. Hizo kweli zinaridhika na waya mfupi wa kurudishia mkondo, ila kwa 14 megahezi zinasimama mita 10. Nyingine ni fupi, na kinachofanya kazi ya ardhi ni ganda la nje la koaksi yako, ule waya unaotoka redioni kwenda kwenye antena, bila wewe kuambiwa. Mkondo unaingia nao hadi mezani, unagusa maikrofoni mdomo unakuuma. Fedha hiyo inatosha roli la waya, koaksi nzuri, na pete ya feraiti ya kuzungushia koaksi pale chini ya antena ili mkondo usipande juu ya ganda lake.

Mwanzi unatosha kabisa. Chagua uliokauka wa mita 6, upake vanishi, pandisha waya ubavuni, funga kamba za nailoni pande tatu. Ukitaka 21 na 28, ongeza waya wa mita 3.36 na wa 2.51 kutoka sehemu ileile ya chini, zitenganishwe sentimita 10 au 15. Anza kurekebisha ule mrefu. Nyaya za ardhini ni zilezile.

Dodoma na Mbeya usizitegemee kwa antena hii. Wima hutupa mawimbi chini, karibu na upeo wa macho, nayo yanawaruka watu wa kilomita mia chache. Kwa 7 megahezi tafuta dipoli, antena ya waya wa miguu miwili inayoungwa na koaksi katikati, mita 20 jumla, katikati ikining'inia kwenye mwembe, miguu ikishuka na kukunjwa kufuata ukuta. Kimo cha mita 4 kinatosha, maana hapo unataka mawimbi yapande juu yakarudi.

NyanzaHewani (Kisumu)

Mimi naongeza la radi tu, kwa sababu huku ziwani tunaishi nayo.

Mwalimu, usimwambie mzee jirani kwamba haiwezekani kupigwa. Mwambie ukweli: mwanzi wa mita 6 kando ya mwembe mrefu kuliko wenyewe hauongezi sana uwezekano wa radi kushuka pale. Hatari ni koaksi inayoingia ndani, na hiyo inakuhusu wewe na nyumba yako kuliko yeye.

Piga fito la ethi, yaani la chuma la kuunganisha na ardhi, chini kabisa ya antena. Mawe ya chokaa yakikuzuia kwenda chini, chimba mtaro ulizike likiwa limelala, na nyaya zako 20 pia zinasaidia. Kisha, tafadhali, unganisha ethi hiyo na ethi ya nyumba kwa waya mnene wa shaba. Ethi mbili zisizoshikana ni hatari: radi ikipiga hata mbali, moja inapanda maelfu ya volti juu ya nyingine, na tofauti hiyo inapita kwenye redio. Ukimaliza kuzungumza, chomoa koaksi na uache ncha yake nje ya dirisha. Usisubiri kusikia ngurumo, maana ikisikika imeshakuwa karibu.

Weka na uzio mdogo pale chini. Ukiwa unatuma, mtoto asishike waya.

Televisheni yake: kama ni ya king'amuzi na kuna tatizo, mara nyingi pete ya feraiti kwenye waya wa umeme wake na wa antena inalimaliza. Mpelekee wewe, umfungie. Na utagundua kelele nyingi zitatoka upande wa pili kuja kwako: taa za LED za bei rahisi, chaja za sola, na fensi za umeme zinazogusa majani, zile zinazopiga tik kila sekunde.

BinKiembeSamaki (Muscat)

Assalaam alaykum. Mzee wa Kilifi kasema kweli, lakini kuna njia nyingine. Huku ardhi ni mchanga na jiwe kavu, na nyumba zina paa bapa. Antena yangu iko juu ya paa, na nyaya za kurudishia ni nne tu, zimeinuliwa. Zikiwa hewani si kama zikilala: hapo urefu lazima uwe robo wimbi kamili, na zikiinamishwa nyuzi 45 ukinzani unapanda kutoka 36 kukaribia 50. Mwalimu ana paa la bati! Bati lote lile ni ardhi tayari. Kwa nini asipandishe huko?

MzeeWaMawimbi (Kilifi)

Wa alaykum salaam. Bati jipya lililoshikana vizuri, nakubali. Ila huku pwani chumvi inakula kila kiungo. Mabati yaliyoota kutu kwenye mapishano hayapitishi umeme sawasawa, yanazaa kelele na kuingilia masafa mengine. Tena kila tundu la skrubu ni njia ya mvua. Mimi ningebaki chini. Na kila kiungo, mwalimu, tumia boliti za chuma kisichoota kutu, kisha upake grisi.

MwalimuPongwe (Tanga)

Nawashukuru sana nyote. Ya dukani nimeiacha. Roli la waya limeshafika, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameomba waje kuzilaza nyaya, nami nitawapa kazi ya kupima SWR baada ya kila nyaya nne na kuchora grafu. Mfano wa mita kupanda huku antena ikiboreka nataka wauone kwa macho yao. Jirani nimempelekea nakala ya leseni, tukakaa barazani, nikamweleza la radi kama lilivyo bila kupamba. Amekubali, kwa sharti kwamba siku ya kwanza awepo asikie.

Swali moja limebaki: mwembe uwe mbali kiasi gani na antena?

MzeeWaMawimbi (Kilifi)

Mita 3 au 4 zinatosha, mradi majani yasiguse waya. Matawi mabichi yanakula nguvu, hasa ncha ya juu yenye volti kubwa. Yakisogea, pogoa.

BinKiembeSamaki (Muscat)

Ukiwa tayari sema hapa. Nitakusubiri 14.250 megahezi, saa kumi na moja jioni ya kwenu, saa kumi na mbili ya huku. Mlete na mzee jirani; kama ana jamaa Oman, nami nitatafuta wa kumsalimia.