Chemsha bongo ya televisheni: tukague nini kujua kama mshindi amepangwa?

Mlezi_Tororo
Ndugu, naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii kwa ndani. Shule yetu hapa Tororo imealikwa Kampala kwenye chemsha bongo itakayorekodiwa kwa ajili ya televisheni. Timu yetu ni wanafunzi wanne wa S.5 (kidato cha tano). Kuna vitufe vya kujibia, gurudumu la kuchagua mada, na kura za SMS za watazamaji zinazoongeza alama. Mfadhili ni kampuni ya vinywaji. Wazazi wanasema mshindi huwa ameshapangwa, na mmoja wao ametumiwa ujumbe wa WhatsApp na mtu anayeuza maswali kwa shilingi 400,000. Je, kipindi kinaweza kupangwa kwa siri bila washiriki wenyewe kujua? Na tukague nini kabla ya kusaini fomu?

Mtayarishaji_Ntinda
Kinaweza, mwalimu, na vimewahi kupangwa mbele ya mamilioni ya watazamaji. Ila msianze kwa kumtafuta mtoto aliyepewa majibu. Hiyo ndiyo njia dhaifu kuliko zote, maana aliyepewa majibu iko siku atasema. Ulizeni nani anayashika maswali, na anayapanga lini.

Twenty-One, kipindi cha NBC ya Marekani, kilianza mwaka 1956 bila hila yoyote. Washiriki wakakosa maswali mengi mno, kipindi kikachosha, mfadhili akamjia juu mtayarishaji Dan Enright. Tangu hapo Enright akawa anawapa washiriki maswali na majibu. Herb Stempel alifundishwa hadi namna ya kupangusa uso, na kiyoyozi cha kibanda alichofungiwa kujibia kilizimwa ili jasho liwe la kweli. Desemba 1956 akaamriwa akosee swali la filamu iliyopata Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955, jibu analolijua vizuri, ili Charles Van Doren apite. Van Doren aliondoka na dola 129,000, na Novemba 1959 akakiri yote mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mambo yote yale yaliwezekana kwa sababu mwenye fedha angeweza kumpigia simu moja kwa moja mwenye maswali.

Njia ya pili haihitaji kumnong'oneza mtu neno lolote. The $64,000 Question ya CBS, televisheni nyingine ya Marekani, iliyofadhiliwa na kampuni ya vipodozi ya Revlon, ilipandisha na kushusha ugumu wa maswali kufuatana na mtu waliyemtaka abaki au aondoke. Joyce Brothers, aliyejibu maswali ya ndondi, hakupendwa na mfadhili, akaletewa maswali magumu zaidi. Alijibu yote akashinda mwaka 1955, lakini si kila mtu ataweza. Timu yenu inaweza kuumizwa kwa njia hiyohiyo bila kubaki ushahidi, na inapitia kwenye fomu mtakayojaza. Fomu huuliza masomo mnayoyapenda, tuzo mlizopata, mambo mnayopendelea. Mwandishi wa maswali akiisoma kabla ya kuyagawa, anajua mlipo imara na mlipo dhaifu.

Utaratibu safi huwa hivi. Maswali yanaandikwa, kila jibu linathibitishwa kwa vyanzo viwili visivyonakiliana, halafu yanagawanywa kwenye bahasha zenye ugumu unaolingana. Bahasha zinafungwa kwa lakiri kabla fomu za washiriki hazijafunguliwa. Asubuhi ya kurekodi, mtu asiyelipwa na kipindi wala mfadhili anapiga kura ya kubahatisha kujua ni bahasha ipi itumike mchezo upi. Bahasha ya akiba lazima iwepo, na heri ziwe mbili, kwa sababu swali likivuja au likiwa na majibu mawili sahihi hakuna muda wa kuandika jingine. Pasipo na akiba, mtu anaandika swali papo hapo huku akiziona alama za timu zote, na hata mwaminifu hapo anaweza kuegemea upande.

Washiriki nao wanatengwa. Simu zinakusanywa, anayekwenda chooni anasindikizwa, na hakuna mazungumzo na mtangazaji wala mwandishi hadi mchezo uishe. Jeopardy!, chemsha bongo ya Marekani, hurekodi vipindi vitano kwa siku moja, na washiriki hawachanganywi kabisa na watu wanaoyajua maswali. Mkifika studio mkakuta mwandishi anakunywa chai na timu nyingine, semeni palepale, kwa upole, mbele ya shahidi.

Uhariri haunitishi sana. Ukimya unarefushwa, vicheko vinahamishwa, mtangazaji anarudia kusoma swali. Alama hazibadiliki, mradi kuna rekodi nzima isiyokatwa yenye saa inayoonekana.

Fundi_Walukuba
Nichukue upande wa vitufe, maana watu huvisahau kabisa na ndivyo vinavyoamua mechi kati ya timu mbili zinazolingana. Mtu huchukua kama milisekunde 200 hadi 250 kuitikia taa. Kitufe kinachochelewa milisekunde 50 tu kitawafanya wanafunzi wenu waonekane wazito.

Ulizeni kwanza kama vina waya. Visivyo na waya vikiwa na betri dhaifu, au vikiwa na tabia ya kujizima ili kuokoa chaji, bonyezo la kwanza baada ya kukaa kimya hupotea. Vyenye waya vinavyoendeshwa na kompyuta ndogo vina kasoro nyingine, na hii nawaomba mwielewe vizuri. Swichi yoyote hutetemeka kidogo inapobonyezwa, kwa hiyo programu husubiri kidogo kabla ya kuiamini. Mwandishi mvivu wa programu husoma kitufe cha 1, akasubiri milisekunde 50, akasoma cha 2, akasubiri tena 50, mpaka cha 4. Mzunguko mzima unakula milisekunde 200. Timu iliyobonyeza kwanza inaweza kupitwa na iliyobonyeza baadaye kwa sababu tu zamu yake ya kusomwa haijafika. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mshindi ni wa uongo.

Ombeni dakika kumi za majaribio. Wekeni vitufe viwili sambamba, bonyezeni vyote pamoja kwa ubao mmoja bapa, mara 20. Kila upande upate karibu nusu. Upande mmoja ukipata 16 au zaidi, badilisheni vitufe nafasi zake mezani bila kuchomoa waya, mrudie mara 20. Ushindi ukibaki na mkono uleule wa mbonyezaji, basi ubao ulikuwa umeinama. Ukihama na kitufe, badilisheni pia waya zinapoingia kwenye mashine, mrudie tena mara 20. Ushindi ukibaki na njia ileile ya mashine, tatizo ni mashine au programu. Ukihama na kitufe, kitufe kibadilishwe.

Ulizeni pia kama mashine inakubali bonyezo kabla swali halijamalizika kusomwa. Jeopardy! huvifungua vitufe mtangazaji anapomaliza kusoma, na anayewahi kabla ya hapo anafungiwa kwa robo sekunde. Sheria yoyote inafaa ilimradi timu zote ziijue mapema na kuifanyia mazoezi.

Wakili_Mbale
Mwalimu, kuhusu anayeuza maswali: msilipe, na msimjibu hata kwa utani.

Karibu kila mara ni tapeli. Anawauzia shule kumi karatasi ya maswali ya kawaida ya S.5, matatu yanatokea kweli, naye anatembea na sifa. Wengine husema "lipa ukishinda", kwa sababu katika timu kumi lazima mmoja ashinde. Hiyo kwa sheria ya Uganda ni kujipatia fedha kwa udanganyifu. Ikitokea maswali ni ya kweli, basi ninyi ndio wenye kosa, na umri wa wanafunzi hautamwokoa mwalimu wao. Uingereza mwaka 2001 Charles Ingram alijibu hadi pauni milioni moja kwenye Who Wants to Be a Millionaire? Wenye kipindi wakasikiliza rekodi ya sauti: kati ya vikohozi 192 vilivyosikika, 19 vilidaiwa kuwa ishara ya jibu sahihi, vikitoka kwa Tecwen Whittock aliyekaa kwenye viti vya washiriki wanaosubiri zamu. Hundi ilizuiwa, na Aprili 2003 Ingram, mke wake na Whittock wakatiwa hatiani.

Pigeni picha ya ujumbe wote, namba na tarehe vionekane. Mwandikieni mtayarishaji siku hiyohiyo, mkiomba bahasha zibadilishwe. Mtayarishaji mwadilifu atawashukuru. Akikasirika au akiomba mfute ujumbe, mmeshapata jibu la swali lenu la kwanza.

Katika kashfa ile ya Twenty-One, kupanga mshindi hakukuwa kosa la jinai Marekani. Walioadhibiwa waliadhibiwa kwa kudanganya chini ya kiapo. Ndipo mwaka 1960 Bunge lao likarekebisha Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 ili kupanga mshindi kuwe kosa. Kwetu matangazo ya redio na televisheni yako chini ya Tume ya Mawasiliano, UCC, kwa Sheria ya mwaka 2013. Kama kuna zawadi za bahati kwa watazamaji, ulizeni pia kibali cha bodi inayosimamia bahati nasibu na michezo ya kubahatisha kwa Sheria ya mwaka 2016.

Mlezi_Tororo
Asanteni sana. Hizo SMS zinanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu wazazi wetu watatumia fedha zao. Na gurudumu je? Wazazi pia wanasisitiza kwamba shule kubwa za Kampala hushinda kwa sababu zinajulikana.

Namutebi_Kura
Wasiwasi wako uko mahali pake. Zawadi ya mwanafunzi ikichezewa, mlioonewa ni wachache na mtapiga kelele. Kura za simu zikichezewa, kila mmoja amepoteza shilingi mia chache na hakuna anayelalamika.

Uingereza walilipia somo hili. GMTV, televisheni ya asubuhi, ilitozwa faini ya pauni milioni 2 mwaka 2007 kwa sababu waliokuwa wanaingia hewani kushinda walishachaguliwa wakati watazamaji bado wanahimizwa kupiga simu za kulipia. Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC, ilitozwa pauni 50,000 mwaka huohuo: mitambo ya simu ilikwama, wakamweka mtoto aliyekuwa anatembelea studio ajifanye mpigaji aliyeshinda. ITV ya hukohuko ikatozwa pauni milioni 5.675 mwaka 2008, na kati ya makosa yake ni kuchagua washindi kwa kuangalia wanapoishi na jinsi watakavyovutia kwenye skrini, badala ya bahati nasibu waliyoitangaza.

Kwenu swali la kwanza ni hili: fainali inarekodiwa lini, na kura inafungwa lini? Kama kombe limeshatolewa studio halafu kipindi kinarushwa wiki mbili baadaye kikiwa na namba ya SMS chini ya skrini, kura hizo haziwezi kubadilisha chochote. Ni fedha tu zinazokusanywa. Ama kura zifungwe kabla ya kurekodi, ama mwisho urushwe moja kwa moja.

Swali la pili: kura zina uzito gani? Zikizidi asilimia kumi ya alama zote, shindano si la maarifa tena, ni la simu, na shule yenye wazazi wengi wenye salio itaipita yenye vichwa. Tatu, namba moja inaruhusiwa kura ngapi, na bei ya SMS imetajwa hewani? Nne, nani atatoa orodha ya kura kutoka kwenye mtambo wa kampuni ya simu, ikiwa na saa ya kila ujumbe? Jedwali lililochapwa na kipindi chenyewe lisikubaliwe. Na marudio ya kipindi yasionyeshe namba ya kupigia kura.

Wazazi waambiwe pia kwamba akipiga mtu akisema mmeshinda, tumeni ada au kodi kwanza kwa Mobile Money, ni mwizi. Makato halali hukatwa kwenye zawadi yenyewe.

Hesabu_Gulu
Gurudumu lililosimama wima lina ugonjwa mmoja mkubwa, uzito wa upande mmoja. Inueni ule ulimi unaogonga misumari, sukumeni gurudumu polepole kabisa, mwangalie linavyosimama. Likirudi nyuma kidogo na kupepea kabla ya kutulia, upande ulio chini ni mzito. Rudieni mara tano mkianzia pembe tofauti. Upande uleule ukishuka kila mara, lirekebishwe. Kipande kidogo cha chuma nyuma ya ubao kinatosha kuleta hali hiyo, na hata rangi iliyopakwa nene.

Mkitaka takwimu: gurudumu la mada 12, lizungusheni mara 60. Kila mada itarajiwe mara 5. Kwa kila mada chukueni tofauti na 5, izidisheni kwa yenyewe, gawanyeni kwa 5, mjumlishe zote. Jumla ikizidi 19.7 kuna sababu ya kushuku. Mada moja kutokea mara 9 peke yake haithibitishi kitu.

Kama gurudumu ni la kompyuta, lisiwe na mpangilio unaojirudia. Mwaka 1984 Michael Larson alikariri mipangilio mitano ya taa za Press Your Luck, kipindi cha CBS, akachukua dola 110,237. CBS ilitafuta kosa katika kanuni, haikulipata, ikamlipa.

Mtayarishaji_Ntinda
Kuhusu shule kubwa: kualika timu zinazojulikana ni uchaguzi wa mtayarishaji, na si hila hadi hapo. Unaweza kuuona kama upendeleo, na mimi naona ni upendeleo, lakini hauwapi majibu. Wana maktaba na mechi za mazoezi kila wiki. Msichanganye mambo haya mawili kwenye barua, mtapoteza nguvu ya malalamiko ya kweli.

Mlezi_Tororo
Nimeandika rasimu. Tumeomba: "Waandaaji wahakikishe haki kwa washiriki wote, na rekodi ipatikane endapo kutatokea mgogoro." Inatosha?

Wakili_Mbale
Haitoshi, kwa sababu hakuna anayebanwa na neno "wahakikishe". Andika hivi: "Bahasha za maswali zitafungwa kwa lakiri kabla ya fomu za washiriki kufunguliwa, na zitachaguliwa kwa kura ya kubahatisha mbele ya mlezi mmoja wa kila timu. Timu inaweza kupinga uamuzi kwa maandishi ndani ya saa 24 baada ya kurekodi. Mwandaaji atahifadhi rekodi nzima isiyokatwa kwa siku 90, na atamwonyesha mlalamikaji sehemu inayohusika ndani ya siku saba. Zawadi haitakabidhiwa hadi pingamizi liamuliwe." Barua iende nakala mbili, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa, moja rudi nayo Tororo. Wakikataa kipengele cha rekodi, wakubali walau mlezi akae chumba cha alama akiwa na karatasi yake ya kuhesabia.