Watoto wamerudi nyumbani tangu mwezi wa tatu: kesi itafungwa lini, na nani anaifunga?

Mama wa Wawili, Kent

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wa rika langu. Mimi ni mama kutoka Kongo ninayeishi Kent, katika jimbo la Washington, na ninaomba mwongozo kwa waliokwisha kupita njia hii. Wanangu, wa miaka 9 na 6, walichukuliwa na idara ya ustawi wa watoto mwaka jana baada ya kujulikana kwamba nilikuwa nikiwaacha peke yao usiku ili niende zamu kiwandani. Kosa hilo silikatai. Nilihudhuria mafunzo ya malezi, nikahamia zamu ya mchana, nikapata jirani wa kuwapokea watokapo shuleni, na mwezi wa tatu jaji akaamuru warudi kwangu. Nililia mbele ya watu wote, nikidhani kwamba siku hiyo ndiyo mwisho.

Sasa ni mwezi wa nane na afisa bado anakuja kila mwezi, anatazama chakula kilichopo na mahali wanapolala, kisha anazungumza na watoto faraghani. Mdogo akisikia mlango unabishwa hukimbilia chini ya kitanda, kwa sababu anaamini kwamba wamekuja kumchukua tena. Afisa wa kwanza amehamishwa, na huyu mpya anasema tu kwamba kesi iko wazi. Je, itajifunga yenyewe? Dada yangu aliyeko Ohio ananiita nihamie kwake, naweza kwenda? Tena nataka kuomba kazi ya kutunza wazee, na ninaogopa jambo hili litaonekana.

Msindikizaji wa Wazazi, Tacoma

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Kurudishiwa watoto na kufungwa kwa kesi ni mambo mawili tofauti, na wazazi wengi wetu huumia kwa sababu hakuna aliyewaeleza hivyo mapema. Kwa sheria ya Washington, mtoto anaporudishwa nyumbani usimamizi wa idara huendelea kwa muda usiopungua miezi 6, na muda huo ukitimia mahakama hukaa kusikiliza kama bado kuna haja ya kuingilia familia. Kwa hesabu yako, miezi hiyo inatimia mwezi wa tisa. Afisa hawezi kukufungia kesi kwa maneno ya mdomo akiwa mlangoni kwako. Yeye hutoa ripoti na pendekezo, lakini anayeiondoa mahakamani ni jaji kwa amri iliyoandikwa.

Kwa hiyo mpigie wakili uliyepewa na mahakama wiki hii, bila kungoja barua. Mwulize tarehe ya kikao kijacho, na mwambie waziwazi kwamba unataka kesi iondolewe siku hiyo. Mwulize pia kama idara inakubali. Ikiwa haikubali, akueleze ni sharti gani katika amri ya mahakama linalodaiwa kwamba halijatimizwa. Hapo ndipo utajua unapigania nini.

Kuhusu Ohio, nakuomba usihame kwanza. Maadamu kesi iko wazi, mahakama ina mamlaka juu ya watoto hao, na kuondoka nao bila ruhusa kunaweza kubomoa yote uliyoyajenga.

Mama Mkubwa, Spokane

Mwanangu, mimi nilingoja miezi 11 badala ya 6, nami nilikuwa nimemaliza kila nilichoagizwa. Mafunzo niliyohudhuria hayakuonekana kwenye jalada kwa sababu waliofundisha hawakutuma hati, nami sikuwa na nakala, basi kikao kikaahirishwa. Weka bahasha moja nyumbani: hati za mafunzo, ratiba yako mpya ya kazi, barua ya mwalimu kuhusu mahudhurio, kadi za kliniki, na maandishi ya huyo jirani akisema saa anazokaa na watoto. Hiyo ya jirani ndiyo yenye uzito kuliko zote kwako, kwani watoto walichukuliwa kwa ajili ya usiku ule, na swali la jaji litakuwa ni nani aliye nao usipokuwepo.

Jambo lingine: je, baba yao yuko wapi? Ikiwa mmeachana, hakikisha kwamba kabla ya kesi kuondolewa kuna amri inayosema watoto wanaishi na nani na watamwona mzazi mwingine lini. Amri za kesi ya ustawi hukoma pamoja na kesi yenyewe.

Mkalimani

Ninaongeza moja tu. Una haki ya mkalimani mahakamani bila malipo. Usikubali kamwe mwanao akufasirie maneno ya afisa. Tena Kiswahili chetu si kimoja. Mimi ni mtu wa Tanga, na niliwahi kumsikia baba kutoka Uvira akisema kwamba usiku watoto hukaa na bibi yake. Kwangu bibi ni nyanya yao. Yeye alimaanisha mkewe. Niliomba ruhusa ya jaji nikamwuliza, na nilifanya vema, kwa sababu hao ni watu wawili tofauti na jalada lingebeba kosa langu. Ukiona mkalimani hakukuelewa, inua mkono useme.

Mama wa Wawili, Kent

Mungu awabariki. Baba yao alifariki kabla hatujaja huku. Wakili nimempata: kikao ni tarehe 18 mwezi wa tisa, na idara haina pingamizi. Na ile kazi ya wazee?

Msindikizaji wa Wazazi, Tacoma

Hapo ni jalada jingine, nami sitakuficha. Idara ilipochunguza, huenda iliandika kwamba tuhuma ya kutelekeza watoto imethibitika, na uamuzi huo haufutiki kesi inapoondolewa mahakamani. Uamuzi huo unaweza kuonekana mwajiri wa watunza wazee anapoomba kukaguliwa kwa historia yako. Barua ya uamuzi ilikupa siku 30 za kuomba upitiwe upya; itafute, mwoneshe wakili tarehe yake. Kama siku zimepita, Washington ina cheti anachoweza kuomba mzazi aliyejirekebisha baada ya miaka 5 tangu uamuzi huo. Ni muda mrefu, najua. Mwulize wakili kabla hujajaza fomu yoyote ya kazi, na usijibu swali la fomu kwa kukisia.

Siku ya tarehe 18, usitoke mahakamani bila nakala ya amri yenye sahihi ya jaji. Halafu mwite mdogo, umwoneshe hiyo karatasi, umweleze kwamba afisa hatakuja tena kuwatazama kila mwezi.