Mjadala: Mwajiri apime haiba yako kabla ya kukupa kazi?

Mleta mada

Wadau, nalileta hili nikiwa tayari na upande wangu, kwa hiyo sitajifanya refa. Huu mtindo wa kumpa mwombaji kazi dodoso la haiba, kisha kumchuja kwa majibu yake, naona ukomeshwe. Sikatai kwamba watu tunatofautiana. Aliyewahi kufanya kazi na mtu anayefika mapema kila siku, na mwingine anayekumbushwa ripoti ileile mara tatu, hahitaji mtaalamu wa kumweleza. Ninachokataa ni karatasi anayoijaza mtu mwenye shida ya kazi, halafu tukaiamini kana kwamba ni picha ya eksirei.

Tuangalie kwanza asili ya vitu hivi, maana vingi vinauzwa vikiwa vimevishwa koti jeupe. Ule mgawanyo wa sangwini, koleriki, melankoliki na flegmatiki, unaofundishwa hadi leo kwenye semina za uongozi na za ndoa, ni tiba ya Wagiriki wa kale. Hippocrates, na baadaye Galen, waliamini afya na tabia hutegemea majimaji manne ya mwili: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Tiba hiyo ilishazikwa. Hakuna daktari atakayekuandikia dawa ya kupunguza nyongo nyeusi, lakini wapo mameneja wanaopanga timu zao kwa hesabu hiyohiyo.

Kuna kipimo cha haiba cha Myers-Briggs, cha herufi nne na makundi 16. Walikitunga mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wote wawili hawakusomea saikolojia. Walianzia kwenye mawazo ambayo Carl Jung, mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi, aliyachapisha mwaka 1921. Kukosa shahada si dhambi. Kasoro iko kwenye kukata watu vipande viwili. Wengi wetu tuko katikati, si wapayukaji wala mabubu. Wawili wanaokaribiana sana, mmoja hapa na mwingine pale ng'ambo ya mstari, wanapewa majina tofauti, huku aliyeuvuka kidogo tu akiwekwa kapu moja na aliye mwisho kabisa. Ndiyo maana wengi wakirudia baada ya wiki chache wanajikuta wamehamia kundi jingine. Na wenye kipimo wenyewe wanasema wazi kwamba kisitumike kuchagua wa kuajiri! DISC, kipimo kingine kinachogawa watu kwa mitindo minne ya tabia, nayo imetokana na nadharia ya William Moulton Marston ya mwaka 1928, bwana yuleyule aliyembuni Wonder Woman, shujaa wa kike wa vibonzo. Alikuwa na vipaji vingi, simnyimi sifa yake.

Mtaniuliza, mbona watu wakisoma majibu yao wanasema "huyu ni mimi kabisa"? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo, kisha kila mmoja akapewa maelezo ya haiba yake ayatathmini. Wastani wa alama walizoyapa ulikuwa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Kilemba cha ukoka kinaenea kila kichwa.

Karibuni mnipinge.

Mdau, afisa rasilimali watu

Mleta mada, umechagua wapinzani wepesi. Myers-Briggs na majimaji ya Wagiriki hata mimi siyatetei. Zungumzia mfumo wa sifa tano, ambao ndio watafiti wengi wanaufuata. Huo haukuanzia kwa mganga. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakakusanya maneno karibu 18,000 yanayoelezea watu. Wengine wakaendelea kuyachambua kwa takwimu kwa miongo kadhaa, hadi yakabaki makundi makuu matano: uwazi wa mawazo, umakinifu, uchangamfu, upole, na jinsi mtu anavyoyumba au kutulia kihisia. Hapa hakuna "wewe ni kundi fulani". Kila sifa ina ngazi, na kila mtu ana ngazi yake.

Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya tafiti nyingi zilizokuwapo wakakuta kwamba umakinifu, yaani kupanga mambo, kutimiza ahadi na kumaliza ulichokianza, unaendana na utendaji mzuri katika kila aina ya kazi waliyoiangalia, iwe ya kitaalamu, ya polisi, ya umeneja, ya mauzo au ya ufundi. Uchangamfu ulisaidia zaidi kwa mameneja na wauzaji. Huo si unajimu.

Halafu nikuulize kama mtu aliye kwenye kiti hiki. Nina nafasi moja na maombi mia kadhaa. Ukininyang'anya dodoso, nichuje kwa nini? Kwa jina la chuo? Kwa aliyeletwa na mjomba wake? Kwa kumtazama usoni nikasema "huyu nimempenda"? Mnalaani vipimo kana kwamba kabla yake kulikuwa na haki.

Mdau, mwombaji kazi

Mimi nimekaa upande wa pili wa meza. Nilikutana na swali: "Sijawahi kusema uongo maishani mwangu. Kweli au si kweli?" Ukijibu kweli, wanajua umeshadanganya. Ukijibu si kweli, umekiri. Nikakaa nikiitazama hiyo sentensi muda mrefu kuliko nilivyotazama hesabu za sehemu ya kwanza. Baadaye nikaelewa kwamba ni mtego wa kuwanasa wanaojipamba. Sawa, lakini ukishajua ni mtego unajifunza kuuruka, na mtandaoni yamejaa mafunzo ya kuuruka.

Kulikuwa na lingine: "Napenda kukaa peke yangu." Nafasi ilikuwa ya kulinganisha hesabu za benki na vitabu, mtu na kompyuta yake kutwa nzima. Nikaona nijibu kwamba sipendi, maana tangazo lilisema "mtu wa watu". Sikupata kazi na sikuambiwa sababu. Hadi leo sijui kama nilikataliwa mimi au yule mtu niliyemwigiza.

Mdau, msimamizi wa kituo cha simu

Hilo la "mtu wa watu" ni ugonjwa wa matangazo ya kazi. Hata kwenye mauzo halisimami vizuri. Mtafiti Adam Grant alifuatilia wauzaji 340 wa kwenye simu, utafiti ukatoka mwaka 2013. Walioingiza mapato makubwa walikuwa wale wa katikati. Wachangamfu kupindukia na wakimya walikuwa nyuma yao. Sishangai hata kidogo. Kwenye sikio la mteja, mpayukaji hamalizi kuuza, anamaliza salio la uvumilivu. Anayenyamaza ndiye anayesikia mteja amekwama wapi.

Mleta mada

Nimjibu afisa. Nakubali mfumo wa sifa tano ni kitu kizito, na umakinifu una maana kazini. Lakini una maana kiasi gani? Paul Sackett na wenzake walipitia upya ushahidi wa njia za kuajiri mwaka 2022. Kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, umakinifu ulipata karibu 0.19. Ukiizidisha namba hiyo kwa yenyewe, unapata kwamba tofauti za utendaji kati ya wafanyakazi zinazoelezwa na sifa hiyo hazifiki asilimia 4. Na hiyo ndiyo sifa bora katika zile tano!

Umeuliza uchuje kwa nini. Jibu limo mlemle: usaili uliopangwa, ambao kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale yanayohusu kazi yenyewe na majibu yanapewa alama kwa kigezo kilichoandikwa mapema, ulipata 0.42. Vipimo vya ujuzi wa kazi vikafuata kwa karibu. Unatafuta mhasibu? Mpe vitabu vilivyovurugika avinyooshe. Unatafuta mhariri? Mpe makala mbovu. Huyo mwombaji wetu hapo juu angepewa taarifa ya benki na saa moja, tungemaliza ubishi.

Na wasiwasi huu si wangu peke yangu. Mwaka 2007 Frederick Morgeson na wenzake watano, ambao waliwahi kuhariri majarida makubwa ya saikolojia ya kazi, waliandika kwamba waajiri wafikirie upya kutumia madodoso ya kujieleza mwenyewe katika kuajiri. Wenye fani wenyewe hao.

Mdau, afisa rasilimali watu

Umesoma ukurasa mmoja ukaruka mwingine. Uchambuzi huohuo wa 2022 uliupa usaili usiopangwa, ule wa "tuambie kuhusu wewe", karibu 0.19 pia. Kwa hiyo dodoso lako unalolichukia liko sawa na mazungumzo ambayo karibu kila mwajiri anayategemea, na mazungumzo hayo huyasikii yakipigiwa kelele za kukomeshwa. Tena maswali yakiulizwa kwa muktadha, "ukiwa kazini unafanyaje" badala ya "wewe ni mtu wa namna gani", matokeo yanapanda. Asilimia 4 ni ndogo kwa mtu mmoja. Kwa anayeajiri watu elfu moja, si ndogo.

Mdau, mwanasheria

Nyinyi mnabishana kama kinafanya kazi. Mimi nauliza kama ni halali. Marekani, duka kubwa la Target liliwapa waombaji wa kazi ya ulinzi dodoso lenye maswali ya imani ya dini na ya mambo ya faragha ya mapenzi. Walioshitaki walipata ushindi kwenye mahakama ya rufani ya California mwaka 1991, na kampuni ikamaliza kesi kwa maridhiano mwaka 1993. Mwaka 2005 mahakama nyingine ya rufani hukohuko Marekani, katika kesi ya kampuni ya Rent-A-Center, ilisema kipimo cha MMPI walichopewa wafanyakazi waliotaka kupanda cheo ni uchunguzi wa kitabibu. MMPI ilitungwa Minnesota kwa ajili ya kutambua maradhi ya akili. Ilifikaje kwenye kupandisha vyeo? Ulaya nayo, kwa sheria yake ya akili bandia ya mwaka 2024, imepiga marufuku mifumo ya kompyuta inayosoma hisia za watu kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Anayepanga kuajiri kwa kamera inayopima tabasamu ajue upepo unavumia wapi.

Mdau, mwanasaikolojia wa kazi

Naomba niingie taratibu, maana pande zote zimesema kweli na zote zimeacha jambo.

Mwanasaikolojia Walter Mischel aliwatikisa wenzake mwaka 1968 alipoonyesha kwamba haiba iliyopimwa kwa dodoso haitabiri vizuri mtu atafanya nini katika tukio moja. Mazingira yana nguvu zake. Ubishi ukachukua miaka, na wengi walipofika ni hapa: haiba huonekana ukijumlisha mwenendo wa mtu kwa muda mrefu, na huonekana zaidi pale mazingira yanapompa nafasi ya kuchagua. Mweke mtu kwenye kazi iliyofungwa kila hatua kwa kanuni, haiba itaonekana kidogo. Mpe uhuru wa kupanga siku yake, hapo mtaijua.

Sasa kazini nakutana na kinyume chake. Naitwa niwaeleze viongozi kwa nini fulani ni "mzembe kwa asili". Nikienda kwenye dawati lake nakuta anapokea maagizo kwa watu watatu, kila mmoja na tarehe yake ya mwisho, na hakuna aliyewahi kumwambia ipi itangulie. Mvunjeni vipande mumpime, hamtaona kitu. Rekebisheni maagizo kwanza. Na haiba yenyewe haikai palepale: kwa wastani watu huongezeka umakinifu kadiri wanavyopevuka, hasa katika miaka ya ujana kuelekea utu uzima. Kijana mliyemwandikia "hana utaratibu" kwenye faili mwaka wa kwanza, faili halikui naye.

Kisha kuna suala ambalo nashangaa halijaguswa: nani hulipwa. Timothy Judge na wenzake walichapisha mwaka 2012 kwamba watu wapole, wanaokubaliana na wengine upesi, hupata kipato kidogo kuliko wagumu, na tofauti hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaume. Tunasema tunataka watu wa kushirikiana, tunawasifia kwenye vikao, kisha nyongeza anapewa aliyegonga meza. Mwajiri anayetaka kuzingatia haiba aanzie hapo, kwenye utaratibu wake wa kupandisha mishahara, kabla hajafika kwa mwombaji.

Dodoso lina nafasi baada ya kuajiriwa, mtu akilijaza kwa hiari na majibu yakibaki kwake, liwe mwanzo wa mazungumzo. Likitoka hapo likaingia kwenye faili, mimi simo.

Mleta mada

Hapo kwenye hiari pana tundu, mtaalamu. Bosi akisema "si lazima", nani ataacha kujaza?

Mdau, mwanasaikolojia wa kazi

Ndiyo maana nikasema majibu yabaki kwake. Bosi asijue hata nani amejaza.

Mdau, afisa rasilimali watu

Basi niseme nitakalolifanya, mnikosoe. Awamu ijayo waombaji watajaza dodoso, na watajulishwa kwamba halitahusika kwenye uamuzi. Alama zitafungiwa, jopo la usaili halitaziona kabisa. Tutaajiri kwa usaili uliopangwa na zoezi la kazi. Baada ya mwaka tutafungua tulinganishe alama na utendaji wa walioajiriwa. Zikiwa hazisemi kitu, nalitupa.

Mdau, mwombaji kazi

Dada, kama ni hivyo nakuunga mkono. Ila jambo moja: kwa miaka yote mliyolitumia kuchuja, mlikuwa mkipima utendaji wa nani? Wale mliowapitisha tu. Sisi mliotukataa kwa alama hamna rekodi yetu, hamwezi kujua kama tungeharibu. Na utendaji wenyewe ataupima nani, meneja mmoja anayempenda mchangamfu?

Mdau, afisa rasilimali watu

Hilo la nani apime, sijalipatia jibu. Makosa na muda wa kukamilisha kazi naweza kuvihesabu. Kwa kazi zisizohesabika, nasubiri mawazo yenu.