Vijana wa Mtwara na Lindi wanaopelekwa kwenye reli: someni mstari wa "mahali pa kuajiriwa" kabla ya kusaini

Wakuu, salaam. Kuna wizi unafanyika mchana kweupe na watu wa huku Kusini tumeuzoea kama vile ni haki ya tajiri.

Msimu wa korosho ukiisha, mawakala wa wakandarasi wa reli wanapita Masasi, Newala, Nachingwea, mpaka Lindi mjini. Wanachukua namba za NIDA, wanapakia vijana kwenye basi, safari. Mkataba? Utausaini kambini, usiku, ukurasa wa mwisho tu ndio umefunuliwa. Na kule ndani, penye "mahali pa kuajiriwa", pameandikwa jina la kambi. Siyo Masasi, siyo Newala.

Huo mstari haukuandikwa kwa bahati mbaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema mkataba ukivunjiwa mahali pengine tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri akurudishe wewe na mizigo yako, au alipe nauli. Nauli hiyo isipungue ya basi hadi stendi iliyo karibu na ulikoajiriwa. Na siku zote unazokaa ukisubiri usafiri, anatakiwa akulipe fedha ya kujikimu. Sasa akiandika kwamba uliajiriwa pale pale kambini, anadaiwa nini? Hakuna. Kijana wa Tandahimba anatolewa getini na begi lake, anapiga simu nyumbani auziwe mbuzi apate nauli.

Wasichowaambia ni hiki: kifungu hicho hicho kinahesabu kuajiri kuwa ni kule kumtafuta mfanyakazi, hata kama anayetafuta ni wakala. Wakala alikuchukulia Masasi, basi uliajiriwa Masasi. Kwa hiyo tunza tiketi ya basi, tunza ujumbe wa wakala kwenye simu, tunza muamala kama alikutumia nauli. Na kabla ya kusaini, kata jina la kambi, andika la kwenu, weka sahihi pembeni, piga picha kila ukurasa. Wakikunyima nakala, andika tarehe na jina la aliyekunyima. Shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kuleta mkataba au maelezo ya maandishi ya masharti ya ajira yako, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

Mtego wa pili ni mikataba ya miezi mitatu mitatu, unapumzishwa wiki mbili, unaitwa tena. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Wanaihesabu hiyo miezi kuliko wanavyohesabu mishahara yetu.

Masaa nayo. Sheria inasema saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na hata ukiongeza ziada zisizidi 12 kwa siku. Ziada inalipwa mara moja na nusu, na usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi inaongezwa asilimia 5. Kinachofanyika: lori linaondoka kambini saa 10 alfajiri, daftari linafunguliwa saa 1 mkifika kwenye tuta. Kurudi hivyo hivyo. Kila mtu awe na kidaftari chake, aandike saa ya kupanda lori na saa ya kushuka, kila siku.

Halafu kuna hili la joto, ambalo linanikera kupita yote kwa sababu linaweza kuua abiria pia. Chuma cha reli kinatanuka. Kilomita moja ya reli, joto lake likipanda nyuzi 30, inataka kurefuka karibu sentimita 35. Reli iliyounganishwa kwa kuchomelewa haina pa kwenda. Kinachoishika isipinde ni mataruma (yale mapande yanayolazwa kukingama chini ya reli) na kokoto zilizoshindiliwa, hasa zile za pembeni kwenye ncha za mataruma. Sasa supavaiza anataka mita zake zitimie, anaamuru genge lifukue kokoto saa 7 mchana, jua la Dodoma limewaka, chuma chenyewe kina moto kuliko hewa. Njia inachezea ubavuni, inapinda kama nyoka. Kesho yake anayeandikiwa barua ni kiongozi wa genge. Kazi ya kufukua ni ya alfajiri, na kabla ya jembe la kwanza mtu aweke kipimajoto kwenye reli yenyewe. Ukiambiwa ufukue bila kipimo, omba amri hiyo kwa maandishi, mbele ya wenzako.

Taruma la zege la reli pana linapita kilo 200. Hilo ni la mashine. Wakileta watu sita na nondo, migongo inaisha ukiwa na miaka 25, na ukiumia hakikisha taarifa imeandikwa siku hiyo hiyo ili mfuko wa fidia usiwe na sababu ya kukukataa.

La mwisho, na hapa ndipo wengi wetu wanakwama: ukiachishwa usikimbilie basi. Una siku 30 tu kufungua shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi) kama unadai umeachishwa isivyo halali, siku 60 kwa madai mengine, na linafunguliwa kwenye ofisi ya eneo mgogoro ulikotokea. Ukifika Mtwara ukaanza kuulizia, utaambiwa urudi kilomita zote zile. Jaza fomu namba 1 kabla hujaondoka, mwajiri apewe nakala na asaini kuipokea.

Inazungumzwa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay. Ikija, mawakala watakuwa hawa hawa. Mwenye nakala ya mkataba wake, afute jina na namba, aweke hapa ule ukurasa wenye mahali pa kuajiriwa. Tuzikusanye tuzipeleke kwa afisa kazi wa mkoa zikiwa fungu moja.